Kabla Hujaufagia Utando wa Buibui

Siku ya usafi mkubwa akina mama wengi hufunga fagio kwenye mti mrefu na kuondoa tando za buibui darini na pembeni mwa madirisha. Baada ya siku mbili tatu utando mpya umerudi, na mara nyingi umerudi pale pale. Pembe nyingine ya chumba hicho hicho, iliyo tulivu vile vile na yenye giza vile vile, haina kitu. Je, umewahi kujiuliza kwa nini buibui aipende pembe hii na kuiacha ile?

Wengi wetu tumefundishwa kwamba buibui hufuata uchafu, na mgeni akiona utando sebuleni mwenye nyumba huona haya. Lakini buibui hali uchafu. Hula wadudu, na mahali anapokaa huonyesha wadudu wanapopita. Mama anayejua jinsi buibui anavyochagua mahali pa kutega anaweza kuutazama utando na kugundua jambo la maana kuhusu nyumba yake. Miongoni mwa wadudu wanaopita humo huenda yumo mbu, adui wa watoto wetu.

Mtaji wake ni mwili wake

Kuna aina nyingi sana za buibui. Mwaka 2022 orodha ya dunia ya aina zilizokwisha kupewa majina na wataalamu ilifikia 50,000. Baadhi yao hawategi kabisa, bali hutembea na kuwinda, kama wale wadogo wanaorukaruka ukutani mchana. Wengine hutega tando na kungoja. Kuna wanaosuka utando wa duara kama gurudumu la baiskeli, kuna wanaotandika utando kama mkeka, na kuna wale wa pembeni mwa chumba ambao utando wao huonekana kama nyuzi zilizovurugika tu.

Hao wanaotega wana shida moja kubwa. Uzi wa utando ni protini inayotoka katika mwili wa buibui mwenyewe, naye hana budi kuutoa kabla hajapata hata inzi mmoja. Hali yake ni kama ya mama anayeanza kuuza maandazi. Unga amekwisha kununua, mafuta amekwisha kununua, kuni zinawaka, na mteja wa kwanza bado hajaonekana. Akikaa kwenye njia ya watu atauza. Akikaa nyuma ya ukuta ambako hakuna apitaye, hasara ni yake.

Shida ya buibui ni kubwa kuliko ya mama huyo, kwa sababu mama ana macho ya kuona watu wanakopita. Buibui wengi wanaosuka tando wana macho manane, lakini hawaoni vizuri. Wanayojua kuhusu mawindo yao wanayajua zaidi kwa miguu, kwa kuhisi mtikisiko wa nyuzi. Hawezi kusimama mbali akatazama wadudu wanaruka wapi. Basi, anachaguaje?

Safari ya kwanza ni ya upepo

Wa aina nyingi, mahali pa kwanza hawapachagui wao. Buibui mchanga hupanda juu ya jani au kijiti, huinua tumbo, huachia nyuzi nyembamba sana hewani, naye hubebwa. Mwaka 1832 Charles Darwin, akisafiri kwa meli karibu na pwani ya Amerika ya Kusini, aliona buibui wadogo wengi mno wamenasa kwenye kamba za meli. Walikuwa maili 60 hivi kutoka nchi kavu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni upepo peke yake unaowabeba. Mwaka 2018 Erica Morley na Daniel Robert wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba hata umeme hafifu uliomo angani kila siku unaweza kuwainua buibui mahali pasipo na upepo wowote.

Wengi huanguka majini au hukauka juani. Anayebahatika kutua pazuri huanza kazi ya kupima mahali.

Kwanza hutafuta nguzo. Msukaji wa utando wa duara huachia uzi mmoja upeperushwe mpaka unase upande wa pili, kisha huutumia kama daraja. Pasipo kitu cha kushikia upande wa pili, hapana utando. Ndiyo maana katikati ya ukuta mtupu hukuti kitu, lakini pembeni, kwenye fremu ya dirisha, kati ya kabati na ukuta, au kati ya nguzo mbili za baraza, tando huwa nyingi.

Pili hupima hali ya hewa ya mahali hapo. Pakiwa na upepo mkali nyuzi hukatika. Pakiwa na jua kali buibui hawezi kukaa kazini. Susan Riechert, mtaalamu wa Marekani, alianza katika miaka ya 1970 kuwachunguza buibui wanaotandika tando kama mikeka katika nchi kavu ya jimbo la New Mexico. Jua la huko linapopanda, buibui hulazimika kukimbilia ndani ya shimo lake, na mdudu akipita juu ya utando wakati huo hupita salama. Aliyepata mahali penye kivuli kidogo huwinda kwa saa nyingi zaidi kila siku, na mwishowe hutaga mayai mengi zaidi.

Mahali pa namna hiyo ni haba, kwa hiyo buibui hao hupigania viwanja kama watu wapiganiavyo vibanda vya sokoni. Hutikisa utando, hutishana, na wakati mwingine huumana. Kwa kawaida mzito humshinda mwepesi. Wakilingana uzito, mwenye nyumba hushinda. Lakini katika jimbo jirani la Arizona, kandokando ya kijito ambako wadudu ni tele, Riechert alikuta buibui wa aina hiyo hiyo hawagombani sana. Penye chakula cha kutosha ugomvi wa mahali hupungua.

Kujaribu, kungoja, kuhama

Nguzo na kivuli huweza kupimwa siku ya kwanza. Chakula hakipimwi hivyo. Buibui hukijua kwa njia moja tu, nayo ni kutega na kungoja.

Mwaka 1964 mtaalamu wa Kanada, A. L. Turnbull, alieleza jinsi buibui wa kawaida wa majumbani wanavyofanya. Mwanzoni hujenga popote panapofaa kushikilia nyuzi, bila kujua kama ni pazuri au pabaya. Asiyepata kitu huacha utando wake na kujenga mahali pengine. Anayepata hubaki. Siku zinavyopita, buibui hujikuta wamekusanyika kwenye njia ya wadudu, ingawa hakuna hata mmoja aliyeijua njia hiyo tangu mwanzo.

Kuhama nako kuna gharama. Njiani buibui hana mtego na hana maficho, naye huweza kuliwa na ndege, mjusi au nyigu. Kwa hiyo hahami kwa sababu ya siku moja mbaya. Urefu wa subira yake hutegemea gharama ya nyumba yake. Wasukaji wa utando wa duara huweza kumaliza kazi kwa saa moja au chini ya hapo, na wengi wao huula utando wa zamani kabla ya kusuka mpya. Mwaka 1971 mtaalamu David Peakall alionyesha kwamba sehemu kubwa ya protini ya utando ulioliwa hurudi katika nyuzi mpya kwa muda mfupi sana. Buibui hao huhama kwa urahisi zaidi. Wale wa mikeka na wa pembeni, ambao huongeza nyuzi kidogo kidogo kila usiku, hupoteza mengi wakiondoka, kwa hiyo huvumilia muda mrefu zaidi.

Sasa unaweza kuelewa kwa nini ukiufagia utando leo unarudi pale pale. Ikiwa buibui mwenyewe amepona ufagio, na pale alikuwa akipata chakula, hana sababu ya kuhama. Na hata ukimuua, atakuja mwingine, naye akishapajaribu mahali hapo na kushiba, atabaki.

Taa ya barazani

Kuna ishara moja ambayo baadhi ya buibui huifuata tangu mwanzo, nayo ni mwanga. Mwaka 1999 Astrid Heiling alichapisha uchunguzi wake kuhusu buibui wa usiku waishio kwenye daraja la waendao kwa miguu mjini Vienna, Austria. Sehemu za vyuma vya kushikia zilizomulikwa na taa zilijaa buibui, na sehemu zenye giza zilikuwa na wachache. Penye taa wadudu walionaswa walikuwa wengi zaidi. Jambo la kushangaza ni kwamba hata buibui waliokuzwa ndani ya maabara, ambao hawakuwahi kuwinda penye taa, walipopewa nafasi ya kuchagua walichagua penye mwanga. Inaonekana tabia hiyo wamezaliwa nayo.

Hata nyumba zetu za Afrika ya Mashariki zina buibui wanaopenda maisha ya namna hiyo. Chini ya mapaa na kwenye baraza utamkuta buibui mkubwa mwenye utando mpana ulioegemea ukuta, juu yake pana bomba la nyuzi ambamo hujificha mchana. Usiku hutoka na kukaa katikati ya mtego wake, wakati nondo na kumbikumbi wanapoizunguka taa.

Buibui pia hujifunza. Heiling na mwenzake Marie Herberstein waligundua kwamba wasukaji wa duara huifanya nusu ya chini ya utando kuwa kubwa kuliko ya juu, kwa kuwa kuteremka kumfuata mdudu ni haraka kuliko kupanda, na wenye uzoefu hufanya hivyo zaidi kuliko wasio na uzoefu. Mwaka 2010 Kensuke Nakata wa Japani alieleza kuhusu buibui mdogo anayezivuta kwa nguvu zaidi nyuzi za upande ambao chakula kimekuwa kikinasa. Uzi uliokazwa huleta habari vizuri zaidi. Kwa hiyo hata akiwa amekaa mahali pamoja, huelekeza usikivu wake kule kunakolipa.

Asiyetega na mbu wa Ziwa Victoria

Hapa yafaa kumtaja jirani mmoja asiyesuka mtego. Kandokando ya Ziwa Victoria, huko Mbita nchini Kenya na sehemu nyingine za ziwa hilo, yuko buibui mdogo wa kuruka ambaye hupenda kukaa kwenye kuta za nyumba. Mwaka 2005 Robert Jackson na wenzake walionyesha kwamba buibui huyu huchagua mbu jike aliyekwisha kunyonya damu kuliko wadudu wengine. Yeye ana macho makali, na pia hufuata harufu. Baadaye ilionekana kwamba huvutwa hata na harufu ya soksi zilizovaliwa na mtu. Anafuata harufu ya binadamu kwa sababu mbu naye huifuata.

Je, buibui basi watatuondolea malaria? La. Hakuna sababu ya kuamini hivyo. Mwaka 1997 wataalamu nchini Thailand walieleza kwamba buibui wa majumbani mwenye miguu mirefu na myembamba hula mbu waenezao homa ya dengue, na buibui huyo huishi katika nyumba za nchi nyingi za joto. Lakini buibui hula kinachonasa. Leo ni mbu, kesho ni nyuki, kesho kutwa ni buibui mwenzake. Mtoto alale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, hata kama dari imejaa tando.

Soma utando kabla ya kuufagia

Faida ya buibui kwa mama wa nyumbani iko kwingine, yaani katika habari anazompa. Siku ya usafi, kabla ya kuinua ufagio, zunguka nyumba ukijiuliza maswali haya.

Je, utando una mwenyewe? Utando mweusi kwa vumbi, uliolegea na usio na buibui, umekwisha kuachwa. Huenda hapo hapakuwa na chakula. Ufagie bila wasiwasi. Utando safi wenye buibui aliyenona una maana kwamba hapo wadudu wanapita.

Ni wadudu gani? Tazama ndani ya utando na sakafuni chini yake. Buibui huacha mabaki. Mabawa mapana yenye unga ni ya nondo. Mabawa marefu mengi ya rangi ya kahawia ni ya kumbikumbi. Miili midogo yenye miguu mirefu kama nywele yaweza kuwa ya mbu. Inzi wengi wakinaswa dirishani mwa jiko, angalia chombo cha takataka na choo.

Wanaingilia wapi? Tando zikipangana kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na paa, jua kwamba hiyo ni njia. Mbu wa malaria wa Afrika hupenda sana kuingia ndani kupitia uwazi huo. Kuuziba, au kuuwekea wavu wa waya, kutakusaidia kuliko kufagia kila wiki. Tando zikizunguka pipa la maji, funika pipa hilo vizuri na umwage maji yaliyotuama katika makopo na matairi. Zikiwa nyingi kwenye taa ya mlangoni, izime usipoihitaji, au ihamishe mbali kidogo na mlango, ili wadudu wanaoifuata wasiingie ndani kila mlango unapofunguliwa.

Ukishaifunga njia ya wadudu, buibui atakaa siku kadhaa bila kupata kitu, kisha ataondoka mwenyewe. Dawa ya kupulizia huua buibui na mbu waliopo, lakini ikiwa njia imebaki wazi, mbu wengine wataingia usiku ule ule ambao dawa imekwisha nguvu.

Mahali pa kuwa na tahadhari

Buibui walio wengi hawana madhara kwa binadamu. Hata hivyo wapo wachache ambao mama anapaswa kuwajua, na kujua mahali wanapopapenda kunasaidia. Mmoja ni yule wa rangi ya kahawia mwenye alama ya rangi ya machungwa chini ya tumbo. Yeye hachagui dari. Hutega chini, mahali palipojificha: chini ya viti vya nje, ndani ya vyungu vya maua, kwenye ndoo iliyosahauliwa, nyuma ya mlango wa stoo. Utando wake ni wa nyuzi ngumu zilizovurugika, na mayai yake huwa ndani ya vifuko vya mviringo vyenye vimiiba vidogo vidogo. Kuumwa naye kwa kawaida huleta maumivu tu, lakini ana ndugu weusi ambao sumu yao ni kali zaidi. Mtoto aliyeumwa na buibui, akaumwa misuli, akatokwa na jasho jingi au akapata shida ya kupumua, apelekwe hospitali mara moja.

Kwa hiyo wafundishe watoto wasiingize mikono katika mashimo, marundo ya matofali na vyombo vilivyokaa nje muda mrefu. Wakung'ute viatu kabla ya kuvivaa. Tando za mahali hapo usingoje kuzisoma. Vaa glovu au tumia kijiti, na uziondoe pamoja na vifuko vya mayai.

Lakini ule wa juu ya dirisha mwache mtoto wako autazame kwanza. Mwambie ahesabu wadudu walionaswa leo, kisha ahesabu tena kesho na kesho kutwa. Mkiziba njia yao, hesabu ipungue, na wiki ile ile buibui akahama, mtoto atakuwa amejua kazi yenu imefaulu.